Mama aliuliza: inakula kuranti ngapi?

Ndugu zangu wa licence na wa graduat, wale wenye wako na kazi na wale wenye bado wanazungusha dosye mu mji, leo nataka tusome pamoja, kwa jicho kali kidogo, namna moja ya maandishi yenye sisi wote tunapenda. Ni zile lista na zile video za "ordinatere ya bei ndogo kwa wazazi". Munazijua. Kijana mumoja wa Marekani ao wa Ufaransa anapanga vipande ku meza, anahesabu bei, mwisho anasema: njo hii, mama yangu ataitumia miaka kumi. Chini yake watu wanamushukuru bila mwisho. Na sisi, siku mushahara wa kwanza unaingia, ao siku ndugu wa Ulaya anatuma kitu, tunafungua ile lista na kuanza kutembeza macho mu maduka ya Lubumbashi tukitafuta vile vipande.

Nimetazama nyingi, wakati nilikuwa natafutia mama yangu mashine. Si kazi mbaya. Wenye kuzifanya wanajua vipande, wanapima kweli, na mara mingi wanaeleza vizuri kuliko assistant wetu wa informatike. Shida yangu ni ingine: wanaanza ku mashine. Wanajua bei ya prosesere mbele ya kujua huyu mzazi atafanya nini, na mu nyumba yake kuranti inakuja saa ngapi. Huko kwao hayo maswali mawili yana majibu yenye kila mutu anajua, basi hakuna mwenye anauliza. Huku kwetu hayo njo maswali yenyewe.

Tuanze na kazi. Mu lista karibu zote kuko sentensi moja: mzazi wangu anahitaji kidogo tu, intaneti, barua, Facebook, picha za wajukuu. Kwa mzazi wa Katuba ao wa komine ya Kenya, hiyo yote simu inafanya tayari. Mama yangu eko na makundi kumi na tano mu WhatsApp, ya kanisa, ya shule, ya ukoo, na anatuma sauti za dakika nne zenye hakuna mutu anamaliza kusikiliza. Kumununulia ordinatere juu ya Facebook ni kumununulia kabati nzima ya kuweka kijiko kimoja.

Basi swali la kwanza ni: kazi gani simu imeshindwa? Kwa mama jibu lilikuwa wazi. Yeye ni mwalimu wa mwaka wa tano primere. Kila periode anaandika maswali ya interro na ya examen kwa mukono, anayapeleka ku sekretaria ya mtaa, kijana anayaingiza mu mashine kwa bei ya ukurasa, anaimprime. Makosa yanabaki. Alama ya kugawanya inakuwa nyota, meza ya hesabu inavunjika katikati, mama anarudi, analipa tena. Lakini franga haikuwa jambo lenye kumuumiza zaidi. Fishye ya examen ilikuwa inabaki mu mashine ya watu. Asubuhi moja watoto watatu waliingia mu darasa na kikaratasi cha majibu ya hesabu, yamepangwa kwa ule ule mufuatano wa maswali, na yeye bado hajagawa karatasi. Mama hakusema kitu. Aliweka zile karatasi zote mu mufuko, akachukua chaki, akaandika examen ingine ku tableau kutoka kichwani.

Kazi ya pili ni likelemba. Ni wamama 22, na mama yangu njo anashika kaye. Nani amelipa, nani amepokea, nani aliomba arukwe mwezi wa pili juu mutoto alikuwa mu hospitali. Munajua vile mambo haya yanaisha mutu akisema "mimi nililipa" na ukurasa umeingia maji ya mvua. Kolone za namna hii, na maandishi ya kurasa nne zenye meza na sehemu, simu inaweza kuzifanya, lakini kwa mateso. Mutu wa miaka 58 hawezi kukazia macho kioo cha kiganja saa mbili kila usiku.

Sasa najua munataka kusema nini. Kwa nini si laptop? Ni swali la haki, na zile lista za ordinatere ya meza zinalipita mbio sana. Laptop inakula kuranti kidogo, na batri yake inaokoa kazi wakati SNEL inakata. Kama mzazi wako anasafiri, ao anafundisha fasi mbili, chukua laptop. Lakini laptop zenye tunaweza kulipa ni zile zilizotumika, na nyingi zinafika hapa na batri iliyochoka. Ukichomoa chaja inakupa dakika 20, kisha giza. Klavye ikikufa, kuibadirisha ni kufungua tumbo lote. Na kuko sababu moja yenye hakuna lista itakuandikia: laptop iko na miguu. Kwetu tumeshakuwa na laptop mbili za "familia". Ya kwanza ilienda na kaka ku auditware, ya pili ilienda na mimi ku stage. Mashine ya meza haitembei. Kesho asubuhi inabaki fasi ileile, mu chumba cha mama, na kila mutoto anajua ni ya nani.

Turudi ku lista. Ile yenye inarudi mara mingi ni sanduku kubwa, inite santrale, la kujenga mwenyewe: prosesere ya AMD kama Ryzen 3 3200G ao Ryzen 5 5600G, yenye ina picha ndani yake bila karte ingine, RAM 8 ao 16, disiki ya SSD, alimentasio ya wati 450 ao 550. Kwa nguvu, hakuna la kusema. Ryzen 5 5600G iliingia mu maduka mwaka 2021 kwa dola 259, na bei ilishuka kisha. 3200G ilianza ku dola 99 mwaka 2019. Lakini soma vizuri bei ya mwisho ya hizo lista. Mara mingi ekra haiko ndani. Klavye haiko ndani. Imprimanti, hata kuitaja hawaitaji. Usafiri na duane, hapana. Na kipande kimoja kikikufa mwezi wa nane, utangoja mutu mwenye anatoka Dubai akuletee mu sakoshi.

Kuko kitu kingine, kidogo, chenye kimeua inite nyingi mu huu mji. Alimentasio za bei ya chini ziko na kibutoni chekundu nyuma, 115 ao 230. Kikiwa ku 230, mashine inangoja kuranti ya kawaida. Tansio ikianguka sana jioni wakati kila nyumba inapika, mashine inazimika ao inajianzisha upya. Mutoto akikisukuma ku 115 juu ya kucheza, utasikia mulio mumoja na harufu. Alimentasio nzuri hazina kile kibutoni, zinakubali tansio ya juu na ya chini, lakini ukikata bei ya lista, alimentasio njo kitu cha kwanza chenye watu wanakata.

Nilimuonyesha mama moja ya zile video. Kijana alikuwa anapima vile mashine yake inachezesha mchezo wa mpira, picha ngapi kwa segonde. Mama alitazama mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza: "Mwana yangu, hii mashini inakulaka kuranti ngapi?"

Video ya dakika 18, na hakuna fasi moja yenye ilimujibu.

Basi tumujibu. Hapa Lubumbashi tunajua tunakaa fasi gani. Sehemu ya kuranti yetu inatoka Inga kwa laini yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, inayofanya kazi tangu mwaka 1982; ingine inatoka Nseke, Nzilo, Mwadingusha, Koni. Migodi inanyonya mingi. Mtaa unangoja delestaji yake. Kwetu kuko batri moja ya volti 12 na amperi 100 kwa saa, pano moja, na konvertisere. Hesabu yake ni ya mutoto wa sekondere: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, lakini batri ya asidi ukiimaliza yote kila siku itakufa mbio, kwa hiyo hesabu nusu, 600. Na mu hizo 600 kuko taa za nyumba nzima, na simu za watu sita.

Inite ya zamani yenye wanauza ku soko, ile ya Core 2 Duo na ekra yake nzito, pamoja inaweza kuvuta wati 100 wakati mutu anaandika tu. Saa 4 ni 400, ongeza hasara ya konvertisere, umekaribia 480. Mama akiandika examen, watoto watalala gizani. Ile ya Ryzen, kama haichezi mchezo, inavuta kidogo kuliko hiyo, lakini bado ni sanduku lenye lilipangwa kwa nyumba yenye kuranti haihesabiwi. Sasa mashine yenye inavuta wati 12 wakati wa kuandika, na ekra ya LED ya wati 18: ni 30. Saa 4 ni 120, na hasara tuseme 150. Hiyo ni robo ya batri. Taa zinabaki, simu zinabaki.

Kwa macho ya kuranti peke, mushindi ni ile ordinatere ndogo ya Waingereza, Raspberry Pi 400, yenye yote iko ndani ya klavye. Ilitoka mwezi wa kumi na moja 2020 kwa dola 70, RAM 4; ndugu yake Pi 500 ilikuja mwisho wa 2024 kwa dola 90, RAM 8. Inatumia chaja ya volti 5 kama simu. Kuko hata ya klavye ya Kifaransa. Niliipenda sana, na kama mzazi wangu angekuwa Kigali ao Nairobi na mutu wa kumusaidia karibu, labda ningeandika sifa zake paka hapa. Lakini tuiseme vizuri. Inaweka kila kitu mu kadi ndogo kama ya simu, na zile kadi hazipendi kukatiwa kuranti katikati ya kuandika. Zikiharibika, fishye na programu vinaenda pamoja. Prosesere yake ni ya aina ya simu, basi imprimanti zingine hazitaitambua juu wenye kuzitengeneza waliandika programu ya mashine za Intel tu. Na chaja yake ya kweli ikikufa, ama kamba yake ya ekra yenye kichwa kidogo, mu Katuba hakuna mwenye atakuuzia ingine. Hiyo ni mashine ya mutoto wa mama. Ya mama, hapana.

Kile chenye zile lista zinatajaka mara moja moja mu mustari wa mwisho, "ao ununue ya biro iliyotumika", kwangu mimi njo kichwa cha maneno. Makampuni makubwa huko inje yanabadirisha mashine za biro kila miaka mitatu, mine, mitano. Mu hizo kuko ndogo sana, ukubwa wa kitabu kinene: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP, ThinkCentre Tiny ya Lenovo. Ku maduka ya hapa wauzaji hawazipendi sana, juu mununuzi anapenda sanduku kubwa. Anaona kubwa njo nguvu. Kwa hiyo mara mingi bei yake iko chini. Ndani yake kuko prosesere za Intel zenye herufi T mwisho, kama i5-6500T, i5-7500T, i5-8500T. Ile T inamaanisha ilipangwa kwa wati 35, wakati ndugu zake bila T ni 65. Wakati wa kuandika tu, mashine nzima inakaa karibu ya wati 10.

Lakini uzuri wake wa kweli kwa mtaa wetu uko inje, ku chaja. Hizi mashine hazina alimentasio ndani. Ziko na chaja ya laptop ya wati 65, na juu ya ile chaja kumeandikwa 100-240V. Soma hiyo namba tena. SNEL ikianguka mpaka 160, chaja haina habari, inaendelea. Kuranti ikirudi kwa hasira na kuchoma kitu, mara mingi kitu cha kwanza kuchomeka ni chaja, hapana mashine. Na chaja ya HP Mini ni ileile ya laptop za HP za miaka hiyo, ya Lenovo Tiny ni ileile ya ThinkPad yenye kichwa cha mraba. Kila mutengenezaji wa laptop mu mji eko nazo mu sanduku chini ya meza. Utazame tu volti na umbo la kichwa. RAM yake pia ni ile fupi ya laptop. Hapo njo ninaona maana ya "bei ndogo" kwa mzazi: ile yenye siku inaharibika, kipande kinapatikana kwa mwendo wa taxi moja.

Ukienda kununua, usikubali kuiona ikizimwa. Iwashe, ingia mu BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Kama inaomba neno la siri la kampuni ya zamani, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Tazama milango ya ekra. Nyingi hazina VGA, na ekra za bei ya chini ku soko zina VGA tu. Tazama pia kama kuko Wi-Fi, mara mingi haiko. Hiyo si shida kubwa: simu ya Android na kamba yake ya USB inaipa mashine intaneti. Badirisha ile disiki yenye utakuta ndani, weka SSD mpya ya GB 240. Disiki ya zamani yenye kuzunguka haipendi kukatiwa kuranti na haipendi haraka; ukiiacha, mzazi atafikiri ni yeye ndiye hajui. Na badirisha ile batri ndogo ya mviringo, CR2032, bei yake si kitu. Ikikufa, saa ya mashine inarudi nyuma miaka, na intaneti yote inakataa kufunguka ikisema si salama. Nimeona watu wakilipa tekinisie "aformate" juu ya ile batri.

Klavye nayo. Zile mashine zinatoka inje na QWERTY. Mama alijifunza dactylo zamani ku AZERTY, vidole vyake vinajua njia. Klavye ya AZERTY ya dola 10 ilifanya kazi kubwa kuliko gigabaiti zote.

Ya mama: mashine dola 115 (i5-7500T, RAM 8), SSD 25, ekra ya LED iliyotumika 40, klavye na suri 10. Jumla 190. Halafu imprimanti ya laser nyeusi, iliyotumika, dola 70. Hapo kaka yangu alisema ni kupoteza. Lakini tafakari: bila ile imprimanti, examen ingetoka mu mashine ya mama mu kle, ingeenda ku sekretaria ileile, na ingebaki mule mule mwenye ilikuwa inabaki. Watu wa lista wanasema mzazi wa leo haimprime tena. Mu shule ya primere ya huku, karatasi njo kazi yenyewe. Jambo moja tu: laser ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa mara moja, konvertisere ndogo haitaiweza. Mama anaandika ku batri usiku, anaimprime asubuhi wakati SNEL iko. Ni mpango wenye yeye mwenyewe alipanga.

Sasa programu, na hapa mimi na kaka yangu hatusikilizani mpaka leo. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, haipokei tena ulinzi wa kawaida. Windows 11 kwa sheria yake inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. I5-8500T inapita, i5-7500T ya mama haipiti. Kaka anasema: weka Windows 10 hivyo hivyo, na kile kiprogramu cha kuivunja, watu wote wanafanya vile. Mimi nasema kile kiprogramu, kitu cha kwanza chenye kinakuomba ni kuzima antivirisi, na kisha kle za shule zinaingia na zile virisi zenye zinageuza dosye zote kuwa vivuli. Niliweka Linux Mint mu Kifaransa, yenye kundi la 22 lina ulinzi mpaka 2029, na LibreOffice. Mama anaandika, anahesabu kolone za likelemba, na anaweka nakala ya PDF yenye haivunji meza. Ile namna ya kuokoa kazi peke yake nimeiweka kila dakika 3. Wanaipangaka 10, na dakika 10 huku ni mbali.

Lakini kaka eko na neno moja lenye sina jibu lake lote. Siku mimi niko Kolwezi ku kazi na mashine inakataa, kijana wa mtaa mwenye mama ataita anajua Windows tu. Ataiona Mint, atasema "hii imeharibika", na ataformata. Ni kweli. Nimeandika ku karatasi ya kubandika chini ya ekra: HAKUNA KUFORMATA, na namba yangu. Sijui kama karatasi inatosha mbele ya tekinisie mwenye kujiamini. Mutu mwenye mzazi wake tayari anajua Word kwa vidole na eko mbali na wanawe, alipe kidogo zaidi, atafute ile ya kizazi cha nane, aweke Windows 11 ya kweli, sitamucheka.

Ile kuformata, tuiongee kidogo, juu iko kati yetu wenye diplome kuliko kati ya watu wa lista. Sisi njo tekinisie wa kwanza wa wazazi wetu, na tuko na dawa moja kwa kila ugonjwa. Mashine imekuwa polepole, formata. Sauti haitoki, formata. Kila mara mzazi anauliza kwa sauti ndogo, "na vitu vyangu?", na tunamujibu kama vile ameuliza habari ya takataka. Mwalimu mwenzake na mama alipoteza hivyo alama za darasa nzima za periode mbili, mutoto wake mwenyewe njo alizifuta, na mutoto ule eko na licence ya informatike. Mama aliposikia, alinunua kle mbili kwa franga zake. Kila Ijumaa anaweka nakala mu moja, inalala mu mufuko wa shule. Mwisho wa mwezi mu ya pili, inalala ku dada yake mu Ruashi.

Na neno la siri. Mu lista za wazazi kuko mashauri yenye yanarudi: wewe mutoto ujipe funguo zote, mzazi apewe mulango mudogo, asije akaharibu. Naelewa sababu yake. Lakini fikiri vile tunapokea hiyo mu nyumba yenye mama njo alituandikisha shule. Kazi ya mashine hii ilianza na examen yenye ilibaki mu mikono ya watu wengine. Nilimuonyesha mama kubadirisha neno la siri, nikageuka uso nikatazama dirisha, akaandika polepole, herufi kwa herufi, na AZERTY yake. Kaka analalamika kwamba hawezi kuimprime CV yake bila kungoja mama atoke shule. Jana alimukuta amekaa, miwani puani, kolone ya wamama 22 wazi mbele yake, akamuomba dakika tano. Mama akamwambia amalize kwanza kuosha masahani.